Maharage kwa chini ya uniti moja

Mhariri,

Nishati safi ikitajwa, wengi huwaza mtungi wa gesi tu. Presha kuka ya umeme husahaulika.

Maharage yanayokaa saa mbili au zaidi jikoni kwa mkaa huiva humo kwa chini ya saa moja, na umeme unaotumika haufiki uniti moja ya LUKU. Mfuniko hubana mvuke. Presha ikishapanda, koili hujizima na kuwaka tena kidogo kidogo. Mpishi huenda zake kufua, bila kupepea wala kufikicha macho kwa moshi.

Kikwazo ni bei ya kununulia. Mkakati wa Taifa wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ili bei isizuie lengo hilo, mikopo ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, iliyosambaza taa za sola vijijini, ielekezwe kwenye presha kuka pia.

Msomaji,
Morogoro