Tuzijue Mashini Zetu: Mizani ya Gazi

Mnunuzi mwenye busara akifika sokoni hutazama kwanza mizani ikiwa tupu. Je, mshale umesimama penye sifuri? Kama umekwisha kupita sifuri kabla ya unga kutiwa, kila kilo itakayopimwa siku ile itakuwa ya uwongo, hata mpimaji akiwa mtu mwaminifu. Pikipiki za siku hizi nazo zina mizani ya namna hiyo, na leo twataka kuieleza.

Katika pikipiki yenye karburateri, hewa iingiayo katika moteri ndiyo ivutayo petroli. Pikipiki nyingi ndogo zichukuazo abiria katika miji yetu zingali hivyo, wala hazina chombo tutakachokitaja. Lakini katika zile zenye vinyunyizio, kompyuta ndogo ndiyo iamuruyo petroli itoke kwa muda gani. Nayo haina macho. Itajuaje kama mwendeshaji amefungua gazi kidogo au sana? Hujulishwa na kihisi cha gazi, yaani kijisanduku kilichofungwa kwenye ncha ya mhimili wa kilango cha hewa.

Ndani ya kijisanduku hiki mna njia nyembamba ya kaboni, na kidole cha chuma kitelezacho juu yake. Nyaya zake kwa kawaida ni tatu: wa kwanza huleta umeme wa volti 5, wa pili huurudisha, wa tatu huchukua habari. Kilango kikifungwa, waya wa tatu huwa na volti moja hivi au pungufu; kikifunguliwa kabisa, hufika volti 4 hivi.

Basi kihisi kikisogea mahali pake, labda kwa sababu fundi alikilegeza, kompyuta hudanganywa tangu sifuri. Pikipiki huruka kwa ghafula gazi ifunguliwapo, moteri hupanda na kushuka ikiwa imesimama, au huzimika njia pandani lori likiwa nyuma. Katika utelezi, mruko mmoja wa ghafula watosha kumwangusha mtu pamoja na abiria wake. Tena wengi hununua kihisi kipya kwa bei kubwa, kumbe cha zamani kilikuwa kizima, kilihitaji kurudishwa tu mahali pake.

Tutwae mfano wa Suzuki SV650, iliyopata vinyunyizio mwaka 2003, na V-Strom 650, iliyoifuata. Kazi yake ni hii:

Kwanza, tazameni kamba ya gazi. Iwe na ulegevu kidogo. Ikikazwa mno, kilango hakifungi, na kipimo chote ni bure. Tazameni pia kama mipira ya hewa haikupasuka, na kama bujia na batri ni nzima. Maana si kila kukohoa kwa moteri ni kosa la kihisi.

Pili, washeni moteri mpaka ipate moto, kisha mrekebishe mwendo wake wa kupumzika uwe kama mizunguko 1300 kwa dakika. Msifanye hivyo ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa maana moshi wake huua. Halafu izimeni.

Tatu, iko plagi ya mafundi iliyofunikwa kwa kifuniko. Kitabu cha pikipiki huonyesha ni nyaya zipi mbili za kuunganishwa, msikisie. Zikiunganishwa na ufunguo ukifunguliwa, huonekana mbele ya mwendeshaji alama C00, maana yake hakuna kosa lililoandikwa. Ikionekana C14, kihisi chenyewe au nyaya zake zina ugonjwa.

Nne, tazameni kistari kidogo kando ya C00. Kikiwa juu, volti zimezidi. Kikiwa chini, zimepungua. Kikiwa katikati, mizani ni ya haki. Kama si katikati, legezeni skrubu ya kihisi, mkigeuze polepole, kwa upana wa unywele tu, mpaka kistari kishuke au kipande katikati. Kazeni skrubu, kisha mtazame tena, kwa kuwa kule kukaza kwenyewe huweza kukisogeza.

Mwenye kipimo cha volti na afanye jaribio moja zaidi: afungue gazi polepole, akitazama waya wa tatu. Volti zapasa kupanda taratibu bila kuruka. Zikiruka, njia ya kaboni imelika, na hapo kukigeuza hakusaidii; ndipo kununua kipya ni halali.

Jihadharini, kila kiwanda kina desturi yake. Pikipiki kadha wa kadha za Kawasaki zina kihisi kilichopimwa kiwandani, nacho hakiruhusiwi kuguswa. Katika nyingine kompyuta hujifunza sifuri yenyewe. Kwa hiyo someni kitabu kabla ya kushika bisibisi.

Wako mafundi ambao, moteri ikizimikazimika, huongeza mwendo wake wa kupumzika, basi, wakapokea fedha zao. Hiyo si dawa. Ni kuongeza unga juu ya mizani mbovu: mteja huondoka ameridhika, lakini uwongo umebaki pale pale. Fundi mwema huanza na sifuri, kwa maana kipimo chenye mwanzo mbaya hakina mwisho mwema.