Aliiangusha Fiji, akaangushwa na malaria

JUMAPILI ya Aprili 17, 2016 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Nilikuwa nimekuja nyumbani, kisingizio kikiwa kumsalimia mama, ilhali begi langu lilijaa nguo chafu. Nilimkuta baba mbele ya runinga akitazama raga kutoka Singapore. Baba ni mtu wa kandanda, lakini siku hiyo Shujaa, timu yetu ya wachezaji saba kila upande, ilikuwa imefika fainali.

"Keti tu," akaniambia. "Hawa Fiji watatupiga mpaka watuonee huruma."

Hakuwa peke yake kufikiri hivyo. Fiji ni nchi ya visiwa yenye watu wasiofika milioni moja, lakini katika raga ya aina hii ni majabali. Sisi tulikuwa tumeshiriki Raga ya Dunia miaka mingi bila kushinda taji hata moja. Katika nusu fainali tuliponea chupuchupu, tukailaza Argentina 15-12.

Kumbe baba alikosea. Kenya 30, Fiji 7. Collins Injera alifunga trai mbili, na kufikia kipindi cha pili baba alikuwa amesimama juu ya stuli, mama akimsihi ashuke asije akavunjika kiuno. Usidhani kuwa Fiji ilikuwa timu mbovu mwaka huo. Msimu ulipoisha ndiyo iliyokuwa bingwa wa Raga ya Dunia, na Agosti ikaichapa Uingereza 43-7 kule Rio na kunyakua dhahabu, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi hiyo.

Tangu siku hiyo baba ana jina moja mdomoni: Benjamin Ayimba, kocha wa Shujaa. Aliwahi kuwa nahodha wa timu hiyo, na mwaka 2009 aliifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai. Baba alipenda kusema kuwa huyo ndiye mtu asiyeogopa jina la mpinzani.

Mei 2021, Ayimba aliaga dunia katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta akiwa na umri wa miaka 44. Alikufa kutokana na matatizo yaliyoletwa na malaria ya ubongo. Baba alizima redio, akakaa kimya jioni nzima.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo nyumba yetu haingeichezea malaria. Msomaji wangu, sikiza kilichotokea.

Desemba iliyopita baba alikwenda Siaya mazishini, akakaa siku kumi bila neti. Wiki mbili baada ya kurudi Nairobi alianza kutetemeka na kuumwa viungo. Alinunua dawa za maumivu dukani. "Hapa Nairobi hakuna malaria," alimwambia mama. "Na mimi nimekua nayo, itanifanya nini?"

Siku ya pili alinipigia simu. Mimi, mwandishi wa afya, nilimwambia anywe maji mengi na apumzike. Sikumuuliza alikotoka, ingawa nilijua. Siku ya nne mama alinipigia: "Babako anazungumza mambo yasiyoeleweka." Alilazwa siku tano, akadungwa dawa ya malaria kali. Alipona, lakini daktari alituambia kuwa kuchelewa kidogo tu kungetugharimu.

Kuna mambo mawili ambayo baba hakuyajua. Kwanza, homa ya malaria kwa kawaida haianzi siku unayoumwa na mbu. Huchukua siku saba au zaidi, wakati mwingine hata mwezi, kwa hivyo waweza kuibeba kutoka ziwani au Pwani ikulipukie mjini. Pili, kinga anayopata mtu aliyekulia eneo lenye malaria hupungua akiishi kwingine miaka mingi. Mwili wa baba ulishakuwa wa mtu wa Nairobi.

Kwa hivyo, yeyote nyumbani kwako akipata homa baada ya safari kama hiyo, apimwe damu siku hiyo hiyo. Mwambie mhudumu alikotoka, usingoje aulize. Akipewa dawa za ALU, azimalize zote kwa siku tatu, kila dozi pamoja na chakula au maziwa, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Mgonjwa akichanganyikiwa, akipata degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kuketi, mkimbize hospitalini hata kama ni usiku wa manane. Watoto wadogo na wajawazito wasingojewe hata kidogo.

Jumapili iliyopita nilimkuta baba akitazama tena fainali ile kwenye simu yake. Alinionyesha Ayimba. "Fiji walikuja wakijua wameshinda," alisema, kisha akanyamaza kidogo. "Hata mimi."

Pasaka anakwenda tena Siaya. Begi lake liko mlangoni, na neti ndiyo iliyoingia kwanza. Mama ndiye aliyeipakia.