Klachi Ikiungua, Alipe Nani?

Ndugu madereva wa malori, masika yakianza mwezi wa Machi kila mmoja wetu aijua harufu ile. Lori limejaa mawe, limetoka mjini, limepanda Waiyaki Way kwa kusimama na kuondoka, kisha laingizwa kiwanjani Uthiru au Dagoretti, penye udongo mwekundu na pasipo barabara. Magurudumu yamezama. Tajiri apiga simu: "Kaza tu!" Dereva ashika klachi nusu, injini yalia, gari halisogei. Hapo sahani ya klachi yateleza juu ya flaiwili bila kuishika, na nguvu ya injini yageuka moto. Dakika chache zatosha kuiunguza.

Dawa twaijua. Gia ya chini kabisa, matope yachimbwe, mawe na matawi yatiwe chini ya tairi. Harufu ikitoka, toa gia, ondoa mguu, ngoja ipoe. Likikataa, mzigo upunguzwe. (Na wale wanaopumzisha mguu juu ya klachi njia nzima, waache.) Lakini kazi hizo zataka saa, na saa hatupewi.

Kisha mwisho wa mwezi bei ya klachi yatolewa katika mshahara! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kutii amri ya tajiri ni makusudi gani? Aliyekatwa na aje ofisini na karatasi ya mshahara, akiwa ameandika nani alimwamuru, saa ngapi, na mzigo ulikuwa tani ngapi.