Karanga za sukari: ungo kwanza, sufuria baadaye



Ndugu wasomaji, katika Idi iliyopita watoto wa madrasa yetu hapa Nyamirambo, Kigali, walipewa kila mmoja kifuko cha karanga za sukari. Tulizinunua sisi wazazi kwa mchango, kutoka kwa mtu ambaye hatutamtaja, kwani lengo letu si kumfedhehesha. Kwa nje zilipendeza, nyekundu na zenye kung'aa. Mtoto mmoja akatafuna mbili tatu, akatema, akasema chungu. Mwalimu akachukua kiganja kimoja, akazipasua. Ndani baadhi zilikuwa nyeusi, nyingine zimesinyaa, na moja ilikuwa na ukungu wa kijani. Sukari na rangi vilikuwa vimefunika yote.

Hapo tulikumbuka kisa ambacho wengi wetu tumekisikia katika hotuba za Ijumaa, alichokipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, na akabainisha kuwa anayeghushi hayumo pamoja naye. Mara nyingi kisa hiki huelekezwa kwa wenye mizani na wenye maduka makubwa. Sisi tunaona kinamhusu hata mtengenezaji wa karanga za sukari, maana katika rundo lile unyevu ulikuwa chini tu, mkono uliweza kuufikia. Karanga iliyokwisha kuvikwa sukari haikaguliki mpaka iwe mdomoni.

Na jambo lenyewe si la ladha peke yake. Karanga zilizovunwa zikahifadhiwa bila kukauka vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu, ambayo siku hizi wataalamu wetu wanaiita sumukuvu. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka, huweza kuleta saratani ya ini. Ikiingia nyingi kwa mara moja huua. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya watu 125 walifariki kati ya wagonjwa 317 waliohesabiwa, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyooza kwa unyevu. Karanga ni miongoni mwa vyakula vinavyoshikwa na sumu hiyo kwa urahisi sana. Wako wanaosema moto unaua kila kitu. Moto unaua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kuachwa haimaliziki kwa kukaanga, wala sukari haiiondoi.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba karanga za watoto zitengenezwe nyumbani, na kazi kubwa ifanyike kwenye ungo kabla ya kuwasha jiko. Mwaga karanga mbichi kwenye ungo au sinia pana, mahali penye mwanga wa kutosha. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na bila shaka zenye ukungu. Pasua kumi hivi utazame ndani. Ukikuta nyingi ni mbovu, usihangaike kuchambua, rudisha gunia lote. Kuchambua hakuondoi sumu yote, maana nyingine haionekani kwa macho, lakini hupunguza sehemu kubwa. Na zile ulizotoa usiwape kuku, kwani nao hudhurika.

Mapishi yenyewe ni mepesi. Chukua vikombe 2 vya karanga mbichi zikiwa na maganda yake mekundu (sukari hushika vizuri zaidi kwenye ganda), kikombe 1 cha sukari, nusu kikombe cha maji na chumvi kidogo sana. Tia vyote pamoja katika sufuria nzito, koroga kwa mwiko wa mti. Maji yatachemka, yatakuwa mazito, kisha ghafla sukari itaganda na kuwa kama mchanga mweupe. Hapo wengi hudhani wameharibu, wakaongeza maji. Usiongeze! Punguza moto, endelea kugeuza mpaka ule mchanga uanze kuyeyuka tena na kuwa wa kahawia unaong'aa. Nyunyiza iliki iliyotwangwa, mwaga kwenye sinia, tenganisha kwa mwiko. Watoto wakae mbali, maana sukari ya moto ikishika ngozi haibanduki kama maji. Na walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, kwa hofu ya kupaliwa.

Rangi nyekundu hatuitaki. Karanga nzuri haina haja ya kujificha.

Tunajua tutakavyojibiwa. Dada mmoja alituambia waziwazi: "Nyinyi mnasema kuchambua, mimi nauza nilipe ada ya mtoto, nikitoa robo ya gunia nitapata nini?" Ana haki ya kuuliza. Karanga zilizochambuliwa ni ghali kuliko mchanganyiko, na mnunuzi anayetafuta kifuko cha bei ya chini kabisa ndiye anayemsukuma muuzaji kwenye mchanganyiko. Mwaka jana sisi tuliibana bei mpaka mwisho, na tukajisifu kwamba tumeokoa fedha za mchango. Lawama ile tusimtwishe muuzaji peke yake.

Ndugu zetu wa Sham na Misri wana lozi za sukari, mulabbas, wanazogawa katika harusi. Sisi lozi hatuziwezi, karanga ndizo lozi zetu, na zinastahili heshima hiyo hiyo.

Idi ijayo, Inshaallah, tumekubaliana vifuko vya watoto viwe vidogo kuliko vya mwaka jana, vya karatasi kama kawaida yetu tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2008, na karanga zichambuliwe na sisi wenyewe Jumamosi ya mwisho ya Ramadhani baada ya swala ya Alasiri. Yule dada tumemwomba asimamie sufuria, kwa malipo. Kila nyumba ije na ungo wake. Kinababa nao waje, kuchambua karanga hakuhitaji ujuzi wa jikoni.