Mtoto Asiyejua Kuogelea Asipande Kayaki



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, likizo ndefu inakaribia. Mwaka wa masomo hapa Rwanda huanza Septemba na kumalizika katikati ya mwaka, kwa hiyo likizo kubwa huangukia kiangazi, wakati njia za milimani zimekauka. Barua zimeshaanza kuletwa nyumbani: siku nne au tano, kutembea kwa miguu sehemu ya njia ya Congo Nile inayotoka Rubavu hadi Rusizi, kulala kwenye mahema, kisha kupiga kafi kwenye kayaki katika Ziwa Kivu. Pamoja na barua hizo yameanza na maneno barazani baada ya sala ya Ijumaa.

Wapo wanaosema hapana, na mjadala ukaishia hapo. Wapo wanaosema ndiyo, wakalipa, wakamnunulia mtoto begi jipya na tochi ya kichwani, wakamsomea dua usiku wa kuamkia safari, wakaona wamemaliza. Sisi tunaona makundi haya mawili yanafanana kuliko yanavyodhani. La kwanza limekwepa kazi ya kumwandaa mtoto kwa kumfungia ndani, na la pili limeikwepa kwa kuilipia pesa.

Tuanze na hoja ya wakatazaji, kwamba kutembea porini na kayaki ni mambo ya wazungu. Hoja hii inashangaza ikitoka mdomoni mwa mtu wa Nyamirambo. Waislamu wa mwanzo waliofika nchi hii hawakushukia stendi ya Nyabugogo. Walikuja kwa miguu kutoka upande wa Tabora, Ujiji na pwani, wafanyabiashara, wapagazi na askari, na msikiti wa Al-Fat'h uliojengwa 1913 ni matunda ya safari hizo. Mjukuu wao leo anaomba pesa ya pikipiki kutoka Biryogo kwenda Kimisagara! Na huko Kivu wavuvi wa sambaza wanaingia ziwani kila jioni kwa mitumbwi yao, hawakungoja mzungu awaonyeshe maji. Zaidi ya hayo, maneno maarufu yanayonasibishwa kwa Sayyidna Umar (R.A.) yanataka watoto wafundishwe kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Mambo matatu, na yote yanafanyika nje ya nyumba.

Lakini hasira yetu kubwa iko kwa kundi la pili, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kutuletea jeneza.

Ziwa Kivu lina kina kinachofika karibu mita 480. Watu hupenda kusema kwamba ni salama kwa kuwa halina mamba wala viboko. Maji hayahitaji mamba ili yaue. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imekaribia kufika bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa nchi kavu wanatazama, na waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Ile ilikuwa boti iliyojazwa kupita kiasi, si kayaki ya wanafunzi, tunajua. Maji ni yale yale, na mtu asiyejua kuogelea huzama vile vile hata akiiona nchi kavu kwa macho yake.

Tuulizane basi: katika vijana kumi wa mtaa wenu, wangapi wanajua kuogelea? Sisi ni watu wa vilima. Mtoto wa Kigali anaweza kufika miaka kumi na sita bila kuingia kwenye maji yanayompita kiuno, halafu siku moja anakalishwa kwenye chombo chembamba cha plastiki kinachoyumba kila akipiga chafya. Mwenye vyombo atampa jaketi la kuokoa maisha, na ni wajibu ampe. Jaketi humsaidia kuelea. Haliwezi kumwondolea hofu, na anayeingiwa na hofu humeza maji, humng'ang'ania mwenzake, hujitahidi kulivua jaketi lenyewe kwa sababu limempanda shingoni. Kayaki kupinduka ni jambo la kawaida kabisa kwa anayejifunza. Mtoto aliyekwishazoea kuzamisha kichwa na kuibuka atacheka, na asiyezoea hatacheka.

Kipimo chetu ni hiki, na hatuoni kuwa ni kikali: kabla hujatia sahihi barua ya safari, mwanao aweze kuogelea mita 50 bila kushika ukuta, na aweze kuelea kwa mgongo dakika tano akiwa amevaa nguo zake. Nguo zake, si chupi ya kuogelea tu, maana ziwani hataanguka akiwa amevaa chupi ya kuogelea. Haya hayapatikani kwa wiki moja. Yanahitaji miezi miwili au mitatu ya kwenda pisini, asubuhi baada ya asubuhi, pamoja na mwalimu anayejua kazi yake. Anayesema pisini za hoteli ni ghali alinganishe na bei ya lile begi.

Sasa wasichana. Hapa ndipo tunapotaka kusema bila kuuma maneno, kwa sababu wao ndio wanaokosa zaidi, na wanakoseshwa kwa jina la dini. Baba anasema binti hawezi kujifunza kuogelea kwa kuwa ni aibu, kisha shule inapoandaa safari anamruhusu aende, avae jaketi, akae kwenye kayaki. Yaani kujifunza kujiokoa ni aibu, ila kuzama siyo? Kumsitiri binti ni wajibu na hatubishani juu yake. Familia kumi zikichanga, zinaweza kukodi pisini saa mbili za asubuhi, milango ikafungwa, mwalimu akawa mwanamke, na mama zao wakaingia majini pia, wengi wao wanahitaji. Nguo ya kuogelea yenye kusitiri ipo tangu mama mmoja wa Kiislamu wa Australia, Aheda Zanetti, alipobuni burkini mwaka 2004, na fundi yeyote mzuri anaweza kushona ya kufanana nayo kwa kitambaa chepesi kisichonyonya maji. Ziwani mtandio wa kufunga kwa pini haufai. Ashonewe wa kuvaa kichwani moja kwa moja, mfupi, uingie ndani ya jaketi, usije ukanasa mahali. Suala la kusafiri na mahram mpelekeeni sheikh wenu mapema, si siku ya kuondoka. Na kama jibu ni kwamba asiende na shule, basi wazazi waandae safari ya akina mama na mabinti, si kumwacha likizo nzima sebuleni na simu.

Sala nayo ina maandalizi yake. Kijana anayeamshwa na mama yake kila Alfajiri hataamshwa na mtu kwenye hema, na mwalimu wa safari hana jukumu hilo. Anzeni mwezi mmoja kabla kumwachia aamke mwenyewe. Mfundisheni kupunguza na kukusanya: Karongi iko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kutoka Kigali, kwa hiyo ni msafiri. Adhuhuri na Alasiri atasali rakaa mbili mbili, Magharibi hubaki tatu. Ajue pia kwamba akinuia kukaa mahali pamoja siku nne, hukumu yake hubadilika. Kibla kutoka huku ni kaskazini, kuegemea mashariki kidogo. Akisimama ufukweni upande wetu wa Kivu, Congo iko magharibi, mkono wake wa kushoto. Hili ataliweka akilini hata simu ikizima.

Tayamamu ndiyo inayochanganya vijana. Wengine hudhani porini kila mtu anatayamamu, hata aliyekaa pembeni ya ziwa! Wengine wanadhani hairuhusiwi maadamu maji yapo, hata kama yanadhuru. Kwenye kambi ya mlima Karisimbi, wenye kilele cha mita 4,507, usiku una baridi ambayo mtoto wa Kigali hajawahi kuionja. Msimulieni kisa cha Amr bin Al-As (R.A.) katika vita vya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria: aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuoga kungemwangamiza, akatayamamu na kuwasalisha wenzake, na Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alicheka, hakumlaumu. Kijana anayekijua kisa hiki hataacha sala kwa kisingizio cha baridi, wala hatajiua kwa kudhani ndiyo uchamungu.

Chakula: kwenye vibanda vya njiani mishikaki si yote ya mbuzi, na kijana anayejua maana ya akabenzi ajue pia kuuliza. Sambaza, ndizi, maharage na tende zinamtosha. Miguu: mpandisheni Mlima Kigali akiwa na begi lenye uzito ule ule atakaobeba, na zile Jumapili ambazo mji hufunga barabara kwa magari, kama ulivyofanya tangu 2016, mtoke naye. Viatu vya caguwa havina ubaya ikiwa amevivaa mwezi mzima, na vipya vya dukani vitamchubua siku ya kwanza. Binti apewe vifaa vya hedhi hata kama si wakati wake, na aambiwe ni nani wa kumwambia.

Halafu mwende shuleni mkaulize, akina baba hasa, ambao mara nyingi huonekana siku ya kulipa tu. Kila mtoto atavaa jaketi muda wote akiwa majini, limefungwa? Mwalimu mmoja ana kayaki ngapi? Kuna boti yenye injini inayofuata? Nani ataamua kurudi upepo ukibadilika, na je, ana ruhusa ya kuamua hata kama ratiba imebaki nusu? Nani anajua huduma ya kwanza? Mtu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuuliza juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah. Shule inayokasirishwa na maswali haya msiipe mtoto.

Sisi tumeanza kuorodhesha familia zinazotaka kuchangia pisini, wavulana na baba zao siku yao, wasichana na mama zao siku yao. Tunamhitaji mwalimu wa kike wa kuogelea na fundi wa cherehani aliye tayari kujaribu. Majina yapelekwe kwa walimu wa madrasa kabla ya Ijumaa ijayo, InshaAllah, na umri wa mtoto uandikwe pembeni.