Robo karne ya NBS: fedha zake ziwe zetu

Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ilizinduliwa kama wakala wa Serikali Machi 1999. Robo karne imeshapita, nasi tunaipongeza kwa moyo mmoja. Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 34.4, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, vishikwambi mkononi, wakipiga hodi na kuuliza nani alilala humo usiku wa kuamkia Agosti 23, hata mgeni, hata kichanga.

Kazi ya kila mwezi haina shamrashamra hizo, lakini ndiyo tunayoistahi zaidi. Mdadisi huingia sokoni kuuliza bei ya unga, maharage na nyanya. Fungu la nyanya lazima lipimwe kwenye mizani, maana mara nyingi bei hubaki ile ile huku fungu likipungua. Bila subira hiyo, mfumuko wa bei ungebaki kuwa maneno ya vijiweni.

Sasa tuseme linalotukera. Utafiti wa afya wa 2022, ambao ofisi hii iliufanya pamoja na wenzake wa Zanzibar, ulionesha vifo vitokanavyo na uzazi vimepungua hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni habari kubwa mno! Lakini tafiti hizo zimeegemea mpango uliogharamiwa na Marekani, na mwaka 2025 Marekani iliusitisha. Je, tutajuaje hali ya mama zetu ikiwa mwenye mfuko yuko Washington? Fedha za tafiti kuu ziingizwe katika bajeti yetu kila zamu yake inapofika, na zitolewe zote, kwa wakati.

Kuna pia suala la uhuru. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopotosha au kupinga zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake waziwazi. Mwaka 2019 Bunge likalegeza masharti hayo, na lilifanya vyema: hesabu za ofisi hii ni imara kiasi cha kujibu hoja kwa hoja, hazihitaji polisi. Kilichobaki ni kumhakikishia Mtakwimu Mkuu kwamba siku iliyopangwa ikifika atatangaza alichokipata, kiwe kitamu au kichungu, bila kungoja ridhaa ya waziri yeyote.