SKRINI YA PILI MEZANI: GHARAMA AU MTAJI?

Wiki hii tunaziweka kando bei za mazao na hisa, tuitazame meza ambayo bei hizo husomewa. Wafanyabiashara wetu wengi wana kompyuta, tena nzuri, lakini wanalazimisha kazi ya madirisha manne ipite katika kioo kimoja. Safu hii inaona kuwa huo ni ubahili unaogharimu.

Tutoe mfano wa aibu yetu wenyewe. Msimu mmoja mwandishi alimsaidia ndugu yake kuandaa ankara ya maharage, tani 10. Bei ilikuwa katika ujumbe wa mnunuzi, ankara ilikuwa katika programu ya mahesabu, na kila dirisha lilifunika jingine. Nikasoma Sh. 2,530 kwa kilo, nikafungua ankara, nikaandika 2,350. Hakuna aliyegundua mpaka fedha zilipoingia benki. Tofauti ya Sh. 180 ni bei ya pipi, lakini kwa kilo 10,000 ni Sh. 1,800,000. Mnunuzi alilipa kilichoandikwa. Ankara ilikuwa yetu na kosa lilikuwa letu.

Kila unapofunga dirisha ili kufungua jingine, unabeba tarakimu kichwani, na kichwa si daftari. Simu ikilia katikati, au mteja akisalimu mlangoni, tarakimu zinageuka. Zikikaa bega kwa bega, bei huku na ankara kule, jicho linahakiki lenyewe.

Madalali wa masoko makubwa walilijua hilo zamani. Mashine za Bloomberg, zilizoanza kutumika miaka ya 1980, zilizoeleka kuonekana na skrini mbili au zaidi mezani. Kwa mtu wa kawaida mlango ulifunguliwa na Windows 98, ambayo iliweza kuendesha skrini zaidi ya moja katika kompyuta moja. Lakini enzi hizo kioo kilikuwa na mgongo kama wa televisheni, na viwili vilitosha kuijaza meza. Leo skrini ni nyembamba, na zile zilizokwisha kutumika maofisini zinauzwa kwa bei ya kuvumilika. Ijaribu kabla ya kulipa, na uhakikishe tundu la waya wake linalingana na la kompyuta yako.

Wauzaji watakuambia kuwa utafiti umethibitisha faida. Ni kweli tafiti zipo, ila msomaji ajue kuwa baadhi yake, kama uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Utah, ziligharimiwa na watengenezaji wa skrini wenyewe. Hatusemi ni uongo. Tunasema muuza ng'ombe hasifu ng'ombe wa jirani.

Wala skrini haiponyi uzembe. Desemba 8, 2005, mfanyakazi wa kampuni ya udalali ya Mizuho, katika soko la Tokyo, alitakiwa kuuza hisa 1 ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000. Akaingiza amri ya kuuza hisa 610,000 kwa yeni 1. Kompyuta ilitoa onyo, onyo likapuuzwa, na hasara ikafika takriban yeni bilioni 40. Yule hakukosa vifaa.

Ndiyo maana hatuwaelewi vijana wa biashara ya fedha za kigeni wanaopiga picha mbele ya skrini sita. Mtu ana macho mawili na shingo moja. Mbili zinatosha: kubwa iwe mbele yako kabisa, ndiyo ya kuandikia, ya pili iwe pembeni, imegeuzwa kidogo kukuelekea, ndiyo ya kusomea. Aidha, usiweke WhatsApp katika ile ya pili siku nzima, maana hapo umenunua kijiwe.

Na anayenunua hisa chache za DSE mara mbili kwa mwaka na kuzitunza, aache. Simu yake inamtosha, na fedha hiyo aiongeze kwenye hisa. Anayehitaji ni mwenye kulinganisha kila siku: mwenye kuandika ankara, mwenye kufuatilia minada ya hati fungani akiwa na hesabu zake pembeni, na mtunza vitabu.

Kwenye mipangilio chagua kupanua kioo, si kunakili, la sivyo utaona kitu kilekile mara mbili na kudhani umeibiwa. Na liko suala la umeme. Ukikatika, kompyuta ya mapajani inaendelea kwa betri yake, lakini skrini ya pili inazima papo hapo. Hivyo dirisha la amri au la ankara lisikae kamwe katika skrini ya pili. Huko weka vya kusoma tu.